Kuni za Msiba Wako

Mama,

Mjomba Ambakisye amekuja. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata hujavua khanga ya kichwani. Amekuja kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya mpaka, akapita pale Kasumulu, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote, na mdomo wake ni ule ule. Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku tuliyokuzika. Siku ile aliondoka bila kuniaga. Alisema mbele ya watu wote kwamba nimemzika dada yake kama mtu aliyeokotwa barabarani. Wewe hukusikia, ulikuwa umeshalala. Nilisikia mimi, na kijiji kizima kilisikia.

Nakuandikia sasa kwa sababu nimepata nafasi. Mpunga umeshaingia ndani, barabara imekauka, watoto wako shule. Nitakueleza kwa mpangilio, maana ulikuwa humpendi mtu wa kurukaruka kwenye habari. "Subi, pitia mlangoni," ulikuwa ukiniambia, "usiniingilie dirishani."

Basi mlango ni huu, Mama. Hatukukupikia.

Wewe uliyesimamia masufuria ya misiba tangu mimi niko mgongoni! Nani katika kijiji hiki alizikwa bila wali wako? Kilio kikipanda tu, hata hatujajua ni nyumba gani, wewe umeshajifunga khanga kiunoni na mwiko uko mkononi. Na wanawake wanakuja nyuma yako mmoja mmoja, kila mtu na mzigo wake wa kuni kichwani, mwingine na mkungu wa ndizi, mwingine na mchele kwenye ungo. Hakuna aliyewaita, hakuna mwenyekiti aliyepita kugonga mlango. Msiba ukiwepo kuni zinakuja, ndivyo tulivyo. Na wewe unasimama pale kwenye mafiga, unachukua vipande viwili vya kuni unavigonganisha sikioni. Vikilia, unasema weka. Visipolia, ole wake. "Hii umeileta ichemshe au ituchome macho?" Mama Lusajo jirani yetu, pamoja na kwamba alikuwa msaidizi wako wa karibu, ulimrudisha na kuni zake siku ya msiba wa mkwe wake mwenyewe. Mpaka leo anasimulia huku kakasirika.

Siku yako tulikuzika kabla jua halijazama, na hakuna aliyetia hata tonge mdomoni. Ili nisionekane nimerukwa na akili, acha nirudi nyuma kidogo. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini nikiyaandika yananikalia sawa.

Unakumbuka masika yale mabaya. Si kwamba mafuriko yalikuwa mageni kwetu. Sisi watu wa huku bondeni maji tunayajua, yanakuja kila mwaka, tunainua vitanda juu ya matofali, kuku tunawapandisha darini, tunasubiri. Tulikuwa tukiwacheka wageni wanaoogopa. Tulichokuwa hatukitazami ni kwamba maji yakipita yanapita kote, yanaingia chooni, yanatoka, yanaingia kisimani. Mwaka ule yalikuja na kipindupindu. Kilianzia kwenye kambi za wavuvi huko ziwani, wakakileta wachuuzi wa dagaa wa usipa, au tulikileta wenyewe, nani anajua. Wa kwanza kufa hapa kwetu alikuwa mzee yule fundi baiskeli, na wewe ukaenda kupika.

Bwana Afya alikuwa ameshapita na baiskeli yake mabegani, maji kiunoni, anapiga kelele kila nyumba: chemsheni maji, chemsheni maji. Tuliitikia ndiyo, ndiyo. Tuchemshe kwa kuni gani? Kuni zote zilikuwa zinaelea. Zile chache zilizokuwa juu ya dari zilikwenda kupika wali wa msiba, kwa sababu msiba una heshima yake, na maji ya kunywa watu walichota vile vile yalivyo. Watu walikula kwenye sinia moja, walipeana mikono, walilala pale pale kwenye majani ya migomba kama desturi. Kabla hata matanga hayajaisha, wale waliokula wakaanza kuanguka. Msiba ule mmoja ukazaa mingine, tukawa tunazika asubuhi na jioni. Wewe mwenyewe ulilazwa kwenye yale mahema ya zahanati umetundikiwa dripu, macho yameingia ndani, nikakaa nje kwa sababu walinikataza kuingia. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, Mama. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto na nilikaa kwenye matope nalia kama mtoto.

Ulipopona ulirudi nyumbani, ukayafunika masufuria yako yote kifudifudi nyuma ya nyumba. Nikakuuliza kulikoni. Ukasema, "Nilipika ugonjwa." Ulisema mara moja tu, hukurudia, na mimi sikukuuliza tena.

Kiangazi kilipofika Bwana Afya akaitisha mkutano kanisani. Maskini, kijana wa watu, mtu wa kutoka mbali, anajikaza kutusalimia kwa Kinyakyusa chake cha kuchekesha. Akasema maneno ambayo sijayasahau, kwamba hapa kwetu si maji yanayoua watu, bali kile kinachobaki maji yakishaondoka. Akauliza kwa nini kitu kinachokuja kila mwaka tunakipokea kama mgeni wa ghafla. Vyoo tuvihamishie sehemu za mwinuko sasa hivi, ardhi ikiwa kavu. Visima tuvijengee midomo na vifuniko. Dawa ya maji ikae kijijini mapema, isisubiri barabara ikatike ndipo iombwe. Watu wakawa wanatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Halafu akaongeza kwamba wakati wa ugonjwa watu wakizika wasipeane mikono, wasipike, wasile msibani, na kila mtu arudi kwake siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo kanisa lilipogeuka kuwa soko. Wazee walisimama. Mmoja akamwuliza kama kwao wanazika watu au wanazika mbwa. Na watu wote wakakugeukia wewe, Mama, maana wewe ndiye uliyekuwa na sufuria, na walijua utamchana kijana wa watu vipande vipande.

Ukasimama. Ukamwuliza, "Mwanangu, hayo maji unayotuambia tuchemshe, tuyachemshe na nini? Na mate?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mama, kuni sikuzifikiria." Akakuomba na wewe umjibu la kwake: chakula cha msibani ukikiruhusu wakati ule, kitaishia wapi? Ukajifunga upya khanga kiunoni. Halafu ukasema, "Kitaishia pale kilipoishia." Basi, mlikuwa mmeelewana, ingawa nyote wawili hamkufurahi.

Ndipo ukatoa lile lako. Ukasema kuni za kuchemsha maji hakuna atakayeleta, kuni za mwenyekiti hakuna atakayeleta, hata ukimtisha mtu kwa faini ataleta mabua. Lakini kuni za msiba kila nyumba inaleta, na inaleta nzuri, kwa sababu inaogopa aibu. Kwa hiyo tulete kuni za msiba kiangazi, tuziweke kwenye lile ghala la ushirika. Ghala si lilikuwa limebaki la popo? Tangu serikali ilipoachia biashara na wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao mpaka mlangoni, nani alipeleka tena kakao yake ushirika? Na lina msingi mrefu wa mawe, maji hayajawahi kulifikia. Masika yakija na ugonjwa, tutachemshia pale maji ya kunywa ya kijiji kizima.

Loo! Zile kelele za kwanza zilikuwa mchezo. Kuleta kuni za msiba na hakuna aliyekufa? "Acha uchuro, Mama Subi!" "Unatuitia kifo!" Mama Lusajo alikuvuta khanga ukae chini. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya hasira, "Msiba wa nani hizo kuni?"

Ukamjibu, "Wangu."

Ukasema wewe ni mzee, umeshalala kwenye mahema ukarudi, na lazima siku moja utakufa, hilo si uchuro, hilo ni hesabu. Anayekupenda akuletee kuni zako ukiwa hai uzione kama zimekauka. Na kwa kuwa ni zako, wewe ndiye utakayesema zitumike kwa nini.

Mimi nilikasirika, nakuambia ukweli. Njia nzima ya kurudi sikukusemesha. Ni mama gani anayetangaza msiba wake mbele ya mtoto wake? Lakini kesho yake ulikata matawi makavu ya ule mkorosho wa baba, ukabeba mwenyewe mzigo wa kwanza. Ukapita katikati ya kijiji taratibu makusudi, kila mtu akuone. Nani angekaa tu akimwangalia mama mzima anajipelekea kuni za msiba wake? Mama Lusajo alitoka mbio na mzigo huku analia na kukutukana. Wakafuata wengine. Mwisho wa kiangazi ghala lilijaa nusu, na wewe mlangoni unagonganisha vipande sikioni, unakubali, unakataa.

Mwaka uliofuata maji yalipokuja, wanawake walikuwa ghalani na mapipa na mitungi ile ya Kikisi uliyowaagiza wafinyanzi wa Matema, yenye mdomo mwembamba ili mtu asitumbukize mkono. Moto hauzimiki mchana kutwa. Kila nyumba inakuja na ndoo yake na kifuniko chake. Waliougua walikuwepo, tusidanganyane, na wachache walilazwa. Lakini hatukurudi tena kwenye kuzika asubuhi na jioni. Na wewe ukawa mtu wa kutaniwa. "Mama Subi, mbona hufi? Kuni zinaoza!" Unawajibu, "Nyinyi chemsheni, mimi sina haraka." Kila kiangazi wakaleta nyingine. Watoto wadogo walikuwa wanadhani hilo ndilo jina la kuni hizo: kuni za Mama Subi.

Sasa nije kwenye siku yako.

Ulikwenda asubuhi, presha, baada ya kuomba uji na kabla sijauleta. Nilikukuta umeegemea ukuta kama mtu anayesubiri. Uani maji yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kijiji jirani, na Bwana Afya alikuwa huko ziwani kwenye mahema, hakuna njia ya kumpata. Nilipiga kilio. Wanawake wakaja, wameinua sketi wanakanyaga maji, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa na mzigo kichwani, kwa sababu kuni zako zilikuwa ghalani zinakusubiri. Mama Lusajo hakuingia hata ndani kukuona. Alikwenda moja kwa moja ghalani kuzitoa.

Nilimkuta mlangoni. Nikamwambia hapana.

Mama, yule ni rafiki yako wa maisha. Aliniangalia kama hanijui. "Subi, hizi ni zake. Alisema kwa mdomo wake." Nikasema ni zake, ndiyo maana zitachemsha maji. Akasema hukufa kwa kipindupindu, umekufa kwa presha, huna ugonjwa, kuna ubaya gani? Nikasema ubaya hauko kwa maiti, uko kwa sisi tutakaokula pamoja. Akasema, "Mama yako amelisha kijiji hiki, leo unamnyima?" Ungeniachia basi hata neno moja la wazi! Uliacha maagizo ya mbuzi, ya shamba la kakao, ya nani apewe sufuria kubwa, na kuhusu hili la kutopika uliniambia mara moja tu, unachambua mchele, hata hukuinua kichwa: "Na mimi pia, ikiwa masika." Ndicho nilichokuwa nacho mkononi. Sikuwa hata na Bwana Afya wa kumsingizia kwamba ndiye anayekataza. Nilisimama pale na hayo maneno yako, nikamwambia Mama Lusajo, "Alisema na yeye pia." Akalia. Halafu akafuta uso, akaanza kutoa kuni, na akazipanga chini ya mapipa ya maji. Hakuniangalia siku nzima, ila alizipanga vizuri.

Mchungaji aliomba kwa kifupi, wanaume wakichota maji kaburini kwa ndoo huku wengine wanachimba. Tulikulaza kule juu kwenye migomba, karibu na baba.

Udongo ulikuwa bado unapigwapigwa na majembe ndipo Mjomba alipofika na watu wake. Walivuka mto Songwe kwa mtumbwi kwa sababu barabara ilikuwa chini ya maji, wakatembea, wamelowa mpaka kifuani. Alikuta dada yake ameshafukiwa. Mlangoni pa ua akakuta beseni la maji ya dawa na mtu anamwambia nawa. Akanawa. Akaja kwangu amenyoosha mikono yote miwili. Na mimi nikarudisha yangu nyuma.

Naiona mikono ile mpaka leo. Ilibaki hewani.

Akaenda kukaa. Kule ghalani mioto ilikuwa inawaka kwa safu, mapipa na masufuria yote yanatoa mvuke, wanawake wanazunguka. Akadhani chakula kinakuja, na nani asingedhani? Walikuwa hawajala tangu walipotoka kwao. Walikaa wakasubiri. Wakaletewa vikombe vya maji ya moto. Mjomba akaniuliza, "Wali uko wapi?" Nikasema, "Hakuna, Mjomba. Tunachemsha maji." Hakuniamini. Aliinuka, akaenda mwenyewe, akafunua sufuria ya kwanza, maji. Ya pili, maji. Akaenda mpaka mwisho wa safu, anafunua moja moja. Aliporudi aliuliza hizo kuni ni za nani. Mtu mmoja, sijui nani, akajibu, "Ni za msiba wa dada yako."

Ndipo akasema yale aliyosema. Aliyanywa yale maji kwa kiu huku amesimama, akaweka kikombe chini, akaondoka na watu wake. Njia nzima hawakugeuka.

Masika yalipoisha nilituma ujumbe kwa kila mfanyabiashara aliyevuka kwenda ng'ambo. Unajua meza yangu ya sabuni pale Kasumulu, watu wa kutuma hawakosekani. Mwambieni Mjomba matanga ya dada yake tumeyaahirisha tu, tutapika mpunga mpya ukiingia, aje. Majibu hayakuja. Mmoja alirudi akasema alimkuta, akampa ujumbe, Mjomba akatema mate pembeni. Nikasema haya. Tulipanga siku, tukaanza kupika bila yeye.

Sasa ungeona, Mama! Watu walijaa mpaka barabarani. Mpunga mpya, ndizi, mbuzi wako yule mkorofi, hatimaye kaliwa. Mama Lusajo ndiye aliyeshika mwiko, na nitakuambia wewe tu: wali wake ulikuwa bokoboko. Hakuna aliyethubutu kusema. Tulitumia kuni zako zilizobaki, zote zikaisha. Na tulikuwa tunapakua pale ndipo baiskeli ya Mjomba ilipoingia uani, na mzigo mkubwa nyuma umefunikwa gunia. Nikadhani ni sukari ya biashara. Hakunisalimia. Alikaa, akala, akaongezewa, akala tena. Mtu mwenye hasira na njaa kwa pamoja, unamjua kaka yako.

Walipomaliza kula mwenyekiti akasimama. Akasema tumemaliza deni letu kwa marehemu, lakini ghala sasa ni tupu, na masika hayatusubiri. Tena yupo mfanyabiashara wa mchele anayelitaka ghala alipange, na halmashauri ya kijiji haiwezi kumnyima mtu jengo linalokaa bure. Tukitaka libaki la kuni, tuonyeshe kuni.

Kila mtu alikuwa anawaza kitu kimoja. Mama Subi ameshakufa, ameshakula wali wake. Kuni sasa zitakuwa za msiba wa nani?

Bwana Afya alijaribu. Akasema tuziite kuni za maafa. Bibi mmoja kutoka nyuma akauliza, "Maafa ni mtoto wa nani?" Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, lakini bibi alikuwa na hoja. Nani atambebea mzigo mtu asiyemjua? Nikawaangalia. Wazee wanatazama miguu yao. Wewe uliwazoesha vibaya, ulijitoa wewe wakajua utajitoa siku zote. Nikaona ghala likijaa magunia ya mchele wa tajiri, na masika yakirudi, na watu wakichota kisimani vile vile, na mimi nimekaa tena kwenye matope nje ya mahema, safari hii wakiwa ndani wanangu.

Nikasimama. Nikasema, "Basi ni za msiba wangu."

Mama Lusajo akasema, "Toba!" Binti yangu Bupe akaniangalia, akaanza kulia. Na hakuna aliyesogea, kwa sababu mimi bado nina watoto wadogo, na kumletea kuni mtu wa umri wangu ni kitu kingine kabisa. Nilisimama peke yangu pale kama mjinga. Nilitamani ardhi ipasuke, Mama.

"Kaa chini wewe!"

Alikuwa Mjomba. Ameinuka, ameninyooshea kidole, amekasirika kweli kweli. "Mimi nina mvi, niko hapa nimekaa, halafu mtoto ndiye aitiwe kuni? Mama yako alikufundisha adabu gani?" Akaenda kwenye baiskeli yake akang'oa lile gunia. Haikuwa sukari. Zilikuwa kuni, mkorosho mkavu kutoka kwake, mzigo mzima wa msiba, ule aliotakiwa kuja nao siku ile akashindwa kwa sababu ya mafuriko. Alikuwa ameusafirisha kwa baiskeli kutoka ng'ambo, kwa umri ule. Akachukua vipande viwili, akavigonganisha sikioni, kama wewe. Sikuwahi kujua kwamba mlifundishwa na mtu mmoja.

Akasema, "Hizi nilimletea dada yangu. Nimekuta mmeshapika. Zibaki. Ziwe zangu."

Halafu akatoa masharti, maana bila masharti asingekuwa yeye. Akifa kiangazi anataka wali, na nyama, na si wali wa leo. Mama Lusajo alivimba! Mjomba akaulizwa na Bwana Afya, kwa heshima sana, na akifa masika je? Alivirudisha vile vipande viwili kwenye mzigo. Akasema kwao pia maji yalikuja mwaka huu na ugonjwa ukaja, na alikwenda msiba fulani akaletewa sinia, akakumbuka zile sufuria alizofunua hapa, mkono ukakataa. Hakula. Wakamwita mtu asiye na utu. Alinisimulia hayo akinitolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemwita hivyo. "Masika basi," akasema, "nichemshieni maji."

Kesho yake walikuja na mizigo. Mpaka leo naandika, wanaleta. Mama Lusajo anasimama mlangoni anagonganisha, ana kiburi kuliko wewe. Yule mfanyabiashara ameambiwa atafute pengine.

Nakuahidi hivi, Mama. Ghala halitakuwa tupu nikiwa hai. Mjomba akitangulia kiangazi atakula msiba wake kama mfalme. Akitangulia masika, nitasimama mlangoni tena, na mara hii hakuna atakayeniuliza alisema lini, wote wamemsikia. Na siku mvi zangu zikitosha, kuni zitakuwa zangu, usigombe.

Hajanisamehe. Amesema nikuambie hivyo, nisiseme uongo kaburini. Lakini asubuhi alipokuwa anaondoka, ameshapanda baiskeli, alishuka tena akaninyooshea mikono yote miwili, kama siku ile. Nilikuwa nimetoka kuchambua samaki. Nikamwambia, subiri Mjomba, ninawe kwanza. Akasubiri.

Ndaga fijo, Mama, asante sana. Pumzika.

Mwanao,
Subi